Sahani, Kisu na Piano ya Upande wa Kushoto

Ormezinda Conceição dos Anjos alimchukia mpiga piano mmoja kwa miaka thelathini na tisa, bila kupumzika hata siku ya Krismasi. Kichochoro chake chote huko Madureira, viungani mwa Rio, kililijua hilo kama kinavyojua saa za treni. Mgeni akitaja jina la Aderbal Queirós mezani kwake, maharage yanafunikwa, vijiko vinakusanywa, na chakula cha mchana kimekwisha.

"Wifi, mtu mwenyewe ni mzee sasa," Cremilda, mke wa marehemu kaka yake, alikuwa akimwambia. "Anagonga sabini. Msamehe basi."

"Fisi akizeeka anakuwa mbuzi?"

"Sahani tu, Zinda!"

"Sahani tu. Haya, nenda kwako ukale kwenye sahani tu."

Lakini haikuwa sahani tu, na Cremilda alijua. Ilikuwa sahani nzito ya kauri, nyeupe, yenye mstari wa buluu pembeni, na ilitoka Santo Amaro, jimbo la Bahia, mikononi mwa bibi yake Zinda aliyekata miwa mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Bibi aliishika mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, akakwaruza ukingo wake kwenye duara la samba, na wanawake wakaingia kati kucheza mmoja mmoja. Baada yake akaishika mama, Alexandrina. Ukingo mmoja ulikuwa umelika kwa visu vya wanawake wawili hadi ukaingia ndani kama ufizi wa kikongwe. Kwao ilikuwa mwiko kuilia chakula. Sahani inayoimba hailishi, na inayolisha haiimbi. Zinda alipopanda basi kwenda Rio kutafuta kazi, mama yake aliifunga ndani ya sketi mbili akampa pamoja na kisu.

"Kisu kikipotea utanunua kingine," mama alimwambia. "Hii ikipotea usirudi."

Basi hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mama alikufa mwaka wa sabini na moja, na Zinda hakwenda kuzika. Alisema nauli. Haikuwa nauli.

Rio alipata kazi ya kupika katika mgahawa wa Mreno mmoja kule Lapa, jirani na studio ya santuri. Wanamuziki walikuja kula mchana, wembamba, wenye suti za kuazima na maneno mengi. Zama hizo vijana walikuwa wamechukua samba ya vichochoroni wakaipeleka kuoana na jazi. Piano, besi, ngoma, na kila mmoja akapiga kama anayefukuzwa na polisi. Zinda hakuwa na neno na hilo. Mtoto wa ndoa ya namna hiyo anaweza kuwa mzuri. Ubaya ni baba kumkataa mama mbele ya watu.

Mpiga ngoma wao alikuwa Nivaldo, mtu wa Bahia pia. Siku moja mchana, wageni wakiwa wameondoka, alisikia kutoka jikoni kisu kinakwaruza, kinaruka, kinagonga, kinarudi. Akaingia bila hodi.

"Dada, hiyo ni ya kwetu!"

"Ya kwetu ndiyo. Na viatu vyako vichafu ni vya nani? Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Kesho yake alimleta Aderbal. Kijana wa miaka thelathini hivi, mweupe, mtoto wa daktari, vidole virefu, macho ya mtu anayepima nguo asiyonuia kununua. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakuingia.

"Anajua kuhesabu?" akamuuliza Nivaldo.

"Muulize mwenyewe," Zinda akajibu. "Nimesoma mpaka darasa la nne. Nahesabu, nasoma, na wewe hujanisalimia."

Nivaldo alicheka. Aderbal hakucheka. Lakini aliitaka ile sauti. Kilichompeleka pale ilikuwa tamaa, na tamaa humvumilisha mtu matusi.

Ndivyo Zinda alivyoingia studio, mwaka wa sitini na tano, siku ya Jumanne, amevaa gauni lake la kanisani. Alipoanza kukwaruza, Aderbal akanyanyua mikono kutoka kwenye piano.

"Huyu ananifunika! Kisu kinaniingia mpaka kwenye piano. Mtoeni humu."

"Nimtoe nimpeleke wapi, maestro?" fundi mitambo akauliza.

"Mweke chooni."

Hakusema kwa utani. Wakamweka chooni. Wakaburuta kipaza sauti na waya wake mpaka kwenye vigae, wakamketisha kwenye kiti cha mbao kati ya sinki na bakuli la choo, mlango wakauacha wazi kidogo ili awasikie wenzake. Ngoma za Nivaldo zilikuwa karibu na mlango huo. Piano ilikuwa kule mbali, nyuma ya pazia. Zinda, na gauni lake la kanisani, akapiga santuri nzima akitazama mnyororo wa kuvutia maji.

Na alipiga. Hata aliyemchukia hakusema vinginevyo. Kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza kuna mahali wenzake wote wananyamaza, sahani inabaki peke yake mizunguko minne, na vigae vya choo vinaijibu. Nivaldo alilia machozi. Aderbal alisema, "Inatosha."

Jioni Zinda akaanza kuifunga sahani kwenye sketi. Aderbal akamzuia.

"Iache hapa. Kesho tunarudia wimbo wa pili. Ukienda nayo kwenye treni itagongwa."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo hakumsingizia mtu mwingine maishani mwake. Mtu wa duara la samba anajua kuwa ala ya mwenzio huigusi, na huichukui hata ukiombwa kuitunza. Zinda alidhani kila apigaye samba anajua hayo. Akaiacha.

Kesho yake hapakuwa na kurudia wimbo. Mlango ulifungwa. Wiki iliyofuata Aderbal alikuwa Marekani. Santuri ilipotoka, Nivaldo alimletea moja mgahawani, naye akaisoma nyuma ya jalada akifuata kwa kidole: piano na uongozi, Aderbal Queirós, besi, fulani, ngoma, Nivaldo, kisha mwisho kabisa, bila jina la mtu, "vyombo vya jikoni."

Aliirudisha mikononi mwa Nivaldo. "Toa kitu hiki mbele yangu. Kwangu kisiingie."

Alimfuata Aderbal kwake mara tatu. Jengo la ghorofa kumi na mbili kule Laranjeiras, lenye marumaru mlangoni. Mara zote tatu bawabu alimwambia yaleyale.

"Lifti ya watumishi iko nyuma, mama."

"Sikuja kufua. Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Hata kama. Wewe pitia nyuma."

Hakupitia nyuma. Wengine watasema kiburi kilimponza: angepanda ile lifti ya nyuma, pengine angeipata sahani siku ileile. Cremilda alisema hivyo mara nyingi. Zinda alimjibu kwamba kuna vitu mtu anavifuata kwa mlango wa mbele tu, na asipovipata, angalau hajajipoteza yeye.

Miaka ikaenda. Mreno alifunga mgahawa, Nivaldo alikufa kwa ini, Zinda akazeeka Madureira kwa kupikia karamu za watu. Aderbal akawa maestro wa kweli, wa magazeti. Kila akihojiwa alisimulia jinsi alivyookota sahani jikoni siku moja, akapata wazo. Aliokota! Wazo! Zinda alikata magazeti yote ya namna hiyo, akayaweka kwenye kopo la biskuti. Hakuyaweka kwa mapenzi. Mtu mwenye kesi hatupi ushahidi.

Mwaka wa elfu mbili na nne akaja Evandro, bwana mmoja wa São Paulo mwenye miwani, mtu wa kutoa upya santuri za zamani. Alikuwa amemtafuta miezi saba.

"Dona Ormezinda, unajua kuna watu Japani wananunua santuri yenu kwa bei ya gari?"

"Mwambie Mjapani anirudishie sahani."

Evandro alikuwa na adabu. Alikunywa kahawa yote, hakuangalia saa. Alieleza kuwa santuri inatolewa upya, na kutakuwa na onyesho Jumapili alasiri, ukumbini mjini kati, Aderbal mwenyewe kwenye piano. Walitaka naye awepo.

"Nitakuja kwa sharti moja. Anikabidhi sahani yangu kwa mkono wake, mbele za watu. Iwapo hana, aseme hana, nami nibaki kwangu."

Siku ya tatu Evandro akapiga simu. "Maestro anasema anayo. Ameitunza miaka yote."

Baada ya simu ile Zinda alikitoa kisu, kile kile, akakinoa, akakipaka mafuta. Cremilda alimkuta anapiga pasi gauni.

"Unatetemeka, wifi."

"Baridi."

"Mwezi wa Januari?"

"Nimesema baridi!"

Siku ya Jumapili ukumbi ulijaa. Aderbal alikuwa amekuwa mzee mrefu mwenye fimbo ya kichwa cha fedha, nywele nyeupe zimechanwa nyuma. Alizungumza kwenye kipaza sauti juu ya urafiki, juu ya ujana, juu ya "mama huyu wa watu aliyetuletea ladha ya jikoni." Zinda alikaa kwenye kiti chake, kisu mapajani. Kisha Aderbal akafunua kitambaa cha mahameli, akamkabidhi sahani. Watu wakapiga makofi kwa kusimama.

Nyeupe. Nzito. Mstari wa buluu. Ukingo mmoja umelika. Zinda aliigeuza, akaipitishia kidole gumba. Mkono ulimwambia kitu, lakini hakutaka kuusikiliza mkono. Akaishika kushoto, akaweka kisu, akakwaruza mara moja.

Mara moja tu.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, ukumbi mzima ukasikia.

"Ni yako, Dona Zinda," Aderbal akatabasamu.

"Yangu ilikuwa inalia kama mtu anayekataa. Hii inalia kama mtu anayeomba kazi."

Wengine wakacheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

"Hapa palipolika pamepigwa tupa," akaendelea. "Fundi wako kapiga tupa kuelekea nje. Kisu hula kuelekea ndani. Yangu iko wapi?"

Aderbal akainama, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Hakukifunika vizuri. "Ilivunjika. Zamani. Nakuomba, watu wametoka makwao."

"Nani aliivunja?"

"Ilianguka."

"Sahani haianguki. Huangushwa."

"Mama, piga tu! Nani atajua tofauti?"

Neno hilo lilifika mpaka viti vya nyuma. Hakuna aliyecheka tena. Zinda akageuka, akampa Evandro ile sahani. "Shika, bwana. Kapakulie watu wali."

Evandro alidhani ataondoka, akamshika mkono kumsaidia kuinuka. Akaukataa ule mkono. Kuondoka ni kumwachia mtu jukwaa. Alibaki kitini, kisu mapajani, akimtazama Aderbal usoni. Wanamuziki wakaanza, wangefanya nini tena. Walipofika pale penye mizunguko minne ya sahani, wote wakanyamaza kama ilivyoandikwa, na pakawa kimya. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mtu mmoja alikohoa. Jasho lilimtoka Aderbal mpaka kwenye kola. Zinda hakupepesa macho.

Magazeti ya Jumatatu yalicheka. Redioni wakaigiza sauti za wote wawili.

Evandro alikuja Madureira akiwa na aibu kama aliyeitengeneza yeye ile sahani. Alileta santuri mpya na mashine ya kuichezea, yenye spika mbili za mbao. Zinda aliligeuza jalada. Piano, besi, ngoma. Kisha: "Sahani na kisu, Ormezinda Conceição dos Anjos." Alisoma herufi moja moja kuhakikisha hawakukosea. Hawakukosea. Hakushukuru. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha jina la mwenyewe, tena likiwa limechelewa miaka thelathini na tisa. Lakini alimpakulia Evandro maharage na nyama kavu mara mbili.

Alikaa siku nane bila kuigusa. Siku ya tisa alimwita Cremilda awashe mashine.

Ikaanza. Piano ilitoka spika ya upande wa kushoto, inajisifu. Na kwenye spika ya kulia, kutoka kwenye vigae vya kile choo, sahani ya bibi yake ikakataa, ikakataa, ikakataa. Zinda alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameitafuta mahali pote isipokuwa mahali pekee ilipokuwa.

"Huyu mtu ananifunika," alisema baadaye kidogo.

"Nani?"

"Huyu na piano yake. Mnyamazishe."

"Nitamnyamazishaje, wifi? Yumo ndani ya santuri."

Zinda aliinuka, akaenda nyuma ya spika ya kushoto, akafuata waya kwa kidole kama alivyokuwa akifuata herufi. Akauchomoa.

Piano ikatoweka. Zilibaki ngoma za marehemu Nivaldo, na sahani, na kwa mbali sana kitu kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Aderbal alimfungia chooni ili asimsikie, na choo hicho ndicho kilichoitenga sahani na piano yake. Cremilda alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila mchana baada ya kuosha vyombo, kichochoro kizima kilisikia santuri ile, spika moja tu.

Mwezi wa Machi Aderbal akaja mwenyewe. Teksi haiingii kwenye kichochoro, akatembea na fimbo yake juu ya mawe, watoto wakimwangalia. Santuri ilikuwa inacheza. Zinda alimwona dirishani.

"Dona Zinda. Habari za siku."

"Unataka nini?"

"Niingie kidogo."

"Mlango wa nyuma uko kule. Zunguka, unapita penye kufulia."

Aderbal aliutazama mlango wa mbele, uliokuwa wazi hatua mbili kutoka aliposimama. Kisha akazunguka. Alichukua muda, maana pale pana mashuka ya Cremilda na maji ya sabuni. Akatokea jikoni, suruali imelowa mpaka magotini. Kahawa ilikuwa motoni, inanukia. Zinda hakumkaribisha. Katika nyumba ile, hata mtu wa kusoma mita ya umeme alikuwa hanyimwi kahawa.

"Nimekuja kukuomba," akasema akiwa wima. "Uwaambie watu wa redio kuwa tulipanga. Kwamba ulikuwa mchezo wetu wa jukwaani, mimi na wewe. Watakuamini. Watu wananicheka, Dona Zinda, mpaka bawabu wangu."

"Bawabu wako ni mtu mwenye akili. Namkumbuka aliyemtangulia."

"Nakuomba."

"Niambie kwanza ilivunjikaje. Na usiniambie ilianguka."

Mzee aliegemea fimbo yake. Santuri ikaendelea kukwaruza chumba cha pili.

"Tulipokuwa tunarekodi santuri ya pili," akasema. "Sikutaka kukuita. Nilisema, kisu na sahani, ni kitu gani? Nikakaa nayo usiku na mchana. Ilitoa kelele tu. Nikawapa wapiga ngoma watatu, wa nne, kelele. Nikaitupa ukutani."

"Ilikukataa?"

"Ilinikataa."

Zinda alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Aderbal kumsikia akicheka, na haikuwa sauti ya kumfurahisha mtu. Alicheka kwa ajili ya mama yake, na bibi yake aliyekata miwa, na akajifuta macho kwa pindo la aproni.

"Waambie basi ulivyoniambia mimi. Neno kwa neno. Mimi sitasema uongo kwa ajili yako, mdomo wangu hauna lifti ya nyuma."

Hapo ndipo Aderbal alipoanza kuisikiliza santuri. Aliinamisha kichwa. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya kichwa cha fimbo, vikitafuta mahali pa kuingia, vikapapasa, vikagonga, na hapakuja kitu. Akaenda mpaka mlango wa chumba. Akaona spika ya kushoto na waya wake umelala sakafuni.

"Mimi siko," akasema polepole. "Umenitoa."

"Upo. Sogeza sikio, unabisha hodi kwa mbali."

"Dona Zinda, huu ni wimbo wa mwisho wa upande huu. Niunganishie huu mmoja tu. Nisikie tulivyokuwa."

Ilikuwa inakaribia ile mizunguko minne. Zinda alipita mbele yake, akasimama kati yake na spika, mikono kiunoni.

"Yangu uliivunja," akamwambia. "Yako nimeichomoa tu. Sasa nyamaza, anakuja mama."